Kasi bila makosa: Yanayofunzwa katika darasa la kati la kuchapa

Maneno "amelipa" na "amelipwa" yanatofautiana kwa herufi moja tu, lakini katika barua ya ofisi herufi hiyo humgeuza mdai akawa mdaiwa. Kompyuta haitatoa onyo lolote, kwa kuwa maneno yote mawili ni sahihi. Ndivyo ilivyo pia kwa nambari ya kitambulisho ambayo tarakimu zake mbili zimepishana, au jina Mwangi lililochapwa Mwagi. Anayeumia mara nyingi si aliyechapa. Ni mkazi anayelipa nauli ya matatu mara ya pili na ya tatu kurudi ofisini ili stakabadhi yake irekebishwe.

Ndiyo maana somo la kuchapa, ambalo wengi hudhani lilizikwa pamoja na taipureta, bado lina nafasi katika vyuo vya ufundi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya serikali za kaunti, na katika kozi za kompyuta na ukatibu, darasa la kati ndilo linalomtenganisha anayejua vitufe na anayeweza kuajiriwa kwa kuchapa.

Somo hilo lina faida kwa mwenye kutafuta kazi pia. Kwa miaka mingi, masharti ya kuajiri makatibu serikalini yametaja mitihani ya Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC): hatua ya pili ya upigaji chapa, yenye kasi ya maneno 40 kwa dakika, na hatua ya tatu yenye maneno 50, au mitihani inayolingana nayo ya kuandaa nyaraka kwa kompyuta.

Anayeingia darasa la kati

Mwanafunzi wa darasa hili tayari anajua makao ya vidole. Vidole vya mkono wa kushoto hukaa juu ya A, S, D na F, na vya mkono wa kulia juu ya J, K, L na kitufe cha nuktamkato. Vitufe vya F na J vina kinundu kidogo ili vidole vijue vimefika nyumbani bila macho kusaidia. Kidole gumba hupiga kitufe cha nafasi.

Anachokosa mwanafunzi huyu ni mwendo. Anachapa bila kutazama kibodi, ila polepole, na akiharakishwa makosa humiminika. Kazi ya darasa la kati ni kukuza kasi na usahihi kwa pamoja. Kanuni yake kuu ni kwamba usahihi hutangulia, kasi ikafuata.

Kasi hupimwaje?

Katika kuchapa, "neno" moja huhesabiwa kuwa mapigo matano ya kitufe, nafasi zikiwemo. Hivyo neno refu kama "mwanakandarasi" halimwonei anayelichapa, na neno fupi kama "na" halimpendelei.

Chukua mfano wa wanafunzi wawili katika jaribio la dakika tano. Wa kwanza anapiga vitufe mara 1,000. Gawanya kwa tano upate maneno 200, kisha gawanya kwa dakika tano: kasi yake ni maneno 40 kwa dakika. Ana makosa 10. Kwa hesabu inayotumika sana, makosa hugawanywa kwa dakika na kutolewa kwenye kasi: 10 kwa 5 ni 2, basi anabaki na maneno 38.

Wa pili anakwenda mbio zaidi. Anapiga mara 1,250, yaani maneno 50 kwa dakika, lakini ana makosa 60. Makosa 60 kwa dakika 5 ni 12. Naye anabaki na maneno 38.

Kwa alama wametoshana nguvu, lakini ofisini mambo ni tofauti. Tuseme kila kosa linachukua sekunde tano kulitafuta na kulisahihisha. Wa kwanza atatumia sekunde 50, na kazi yake ya maneno 200 itakuwa tayari kwa dakika 5 na sekunde 50. Wa pili atahitaji dakika 5 nyingine nzima kusahihisha, hivyo maneno yake 250 yatamchukua dakika 10. Ukihesabu muda wote, aliyeonekana mwepesi anatoa maneno 25 kwa dakika, na aliyeonekana mzito anatoa takriban 34. Tena hapo imechukuliwa kwamba ameyaona makosa yote 60. Akikosa kuona moja, ndilo litakalomfikia mwananchi.

"Nyumba" ni ngumu kuliko "rudi"

Mpangilio wa vitufe unaotumika leo ulitokana na taipureta zilizoanza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1870. Haukupangwa kwa ajili ya Kiswahili, na anayechapa Kiswahili huligundua hilo vidoleni.

Neno "rudi" ni jepesi: kushoto, kulia, kushoto, kulia, na kila herufi ina kidole chake. Sasa chapa "nyumba". Herufi N, Y, U na M zote ni za kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kidole kimoja kinaruka safu ya chini, juu, juu tena, kisha chini, kabla ya mkono wa kushoto kupokea B na A. "Muhimu" na "jumuiya" nayo hukichosha kidole hicho hicho. "Baraza" huchapwa na mkono wa kushoto peke yake, na herufi zake tatu za mwisho ni za kidole kidogo.

Kidole hicho kidogo cha kushoto ndicho chenye A, na Kiswahili kimejaa A: ya, wa, kwa, na, haya, watakapokaa. Kidole dhaifu ndicho kilichopewa mzigo mzito. Kwa hiyo mwanafunzi asikate tamaa akiona kasi yake ya Kiswahili iko chini ya ile ya Kiingereza. Atenge muda wa mazoezi ya mny-, nyu-, mwa-, kwa- na ng', taratibu kwanza, mpaka kidole kizoee njia. Katiba inatambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na karani wa ofisi ya umma atahitaji kuchapa zote mbili.

Somo la saa moja

Somo zuri la darasa la kati huwa na hatua tano.

1. Kupasha vidole moto, dakika tano. Mistari myepesi, bila saa.

2. Zoezi la usahihi. Mstari mmoja huchapwa taratibu hadi utoke bila kosa mara tatu mfululizo. Ukikosea mara ya tatu, unaanza kuhesabu upya.

3. Zoezi la kasi. Sentensi fupi huchapwa kwa sekunde 30, lengo likiwa kufika mwisho kabla muda haujaisha. Hapa makosa hayahesabiwi. Vidole vinafundishwa mwendo mpya.

4. Jaribio la dakika tatu au tano kwa matini ambayo mwanafunzi hajaiona. Kitufe cha kufuta hakiguswi, ili makosa yabaki yaonekane.

5. Nyaraka halisi: barua rasmi, jedwali la malipo, kumbukumbu za mkutano.

Hatua ya pili na ya tatu hazichanganywi. Anayejaribu kwenda mbio na kuwa makini katika zoezi moja huishia kukosa yote mawili. Kipimo rahisi cha kuamua siku itumike kwa lipi ni hiki: makosa yakizidi mawili katika kila mapigo 100, punguza mwendo ufanye usahihi. Yakiwa mawili au chini ya hapo, ongeza lengo la kasi kwa maneno mawili au matatu tu.

Daftari la makosa

Kosa la kuchapa lina chanzo, na likiandikwa chanzo hujitokeza. Mwanafunzi aweke daftari dogo la kuandika neno alilolikosea na jinsi alivyolikosea. Baada ya wiki ataona makosa yale yale yanajirudia.

Herufi zikipishana, kama "ay" badala ya "ya", mkono mmoja unautangulia mwenzake; dawa ni mapigo yenye mdundo sawa. Ukigusa kitufe cha jirani, O badala ya I, mkono umehama nyumbani. Rudi kwenye vinundu vya F na J. Herufi ikirukwa, huenda kidole kimegusa bila kubonyeza, au macho yametangulia mbali mno. Herufi kubwa ikikosewa, kitufe chake kimeshikwa na mkono usiofaa: herufi ikiwa ya mkono wa kulia, kitufe cha herufi kubwa hushikwa na wa kushoto.

Kasi inapogoma

Wengi hufika mahali kasi ikakataa kupanda kwa wiki kadhaa. Sababu huwa chache. Kuna anayesoma herufi moja moja badala ya neno zima. Kuna anayeiba macho kutazama kibodi. Huyu afunike mikono kwa leso au karatasi. Na kuna anayerudia matini moja mpaka ameikariri, akadhani amepata kasi. Abadilishe matini kila siku. Dakika 20 kila siku humfaa mwanafunzi kuliko saa tatu za Jumamosi moja.

Mwili nao usisahaulike. Miguu ikae sakafuni, viganja visilalie ukingo wa meza, na kila baada ya dakika 20 macho yapumzishwe kwa kutazama mbali kwa sekunde 20.

Kusoma tena ni sehemu ya kuchapa

Programu nyingi za kuandikia huwekwa kukagua Kiingereza. Hupiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno la Kiswahili, na mwanafunzi akazoea kuipuuza rangi hiyo. Abadilishe lugha ya ukaguzi iwapo programu yake ina Kiswahili, na azime sehemu inayobadilisha maneno yenyewe anapochapa majina ya watu. Kisha asome kwa macho yake.

Majina yalinganishwe na kitambulisho, herufi kwa herufi. Nambari na pesa zisomwe kwa sauti na mtu mmoja huku mwingine akifuata kwenye skrini. Sh5,000 na Sh50,000 zinatofautiana kwa pigo moja la kitufe, na hakuna programu ya tahajia itakayoligundua.

Kwa anayetaka kuanza

Asiye na kompyuta nyumbani anaweza kuuliza kama maktaba ya umma au kituo cha vijana kilicho karibu naye kina mashine za kutumia. Simu nyingi za kisasa hukubali kibodi ya nje kwa adapta ndogo au kwa Bluetooth, na hiyo yatosha kwa mazoezi ya vidole kumi. Kuchapa kwa vidole gumba kwenye skrini ya simu, hata kwa kasi ya ajabu, hakumwandai mtu kwa mtihani.

Kabla ya kulipia kozi yoyote, chuoni au kwingineko, mkazi aulize maswali manne. Je, chuo kimesajiliwa? Kozi inaelekea mtihani gani, na unatolewa na nani? Kila mwanafunzi ana mashine yake wakati wa somo? Na je, majaribio yanapima usahihi au kasi peke yake? Swali hilo la mwisho lisiachwe nje. Mwajiri ataona kasi siku ya usaili, lakini wakazi wataishi na makosa kila siku ya kazi baada ya hapo.