SANDUKU LISILO NA NYUTRO

Penye umeme kijijini, mara nyingi pana mashine ya kusaga. Ukiingia katika nyumba ya mashine, utaona sanduku la chuma ukutani. Ndani yake mna nyaya za umeme. Sanduku hilo hupata umeme kutoka sanduku kuu, lililo karibu na mita. Kwa hiyo tutaliita sanduku dogo.

Katika somo hili tutaona kwa nini sanduku dogo la mashine huweza kukosa waya wa nyutro, na kwa nini ni lazima liandikwe.

Kazi ya nyaya

Umeme huenda na kurudi. Taa ya nyumbani ina nyaya mbili za kazi. Waya wa moto huleta umeme. Waya wa nyutro huurudisha. Ukikatika mmoja, taa haiwaki.

Upo pia waya wa ethi. Huu hufungwa kwenye vyuma vya mashine na kwenda ardhini. Kazi yake si kuwasha taa. Ethi ni mlinzi. Waya wa moto ukichubuka na kugusa chuma, umeme mwingi hupita kwenye ethi, fyuzi hukatika, na watu husalimika.

Mota kubwa ya mashine hutumia fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto. Fikiri watu watatu wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu. Mchi mmoja ukipanda, mwingine unashuka. Nyaya tatu nazo hupeana zamu. Umeme unaoingia kwa waya mmoja hurudi kwa nyaya nyingine. Nyutro haina kazi hapo. Ndiyo sababu fundi anaweza kupeleka nyaya nne tu: tatu za moto na mmoja wa ethi. Hilo si kosa.

Hatari iko wapi?

Tuseme mwenye mashine anataka taa ili asage hadi usiku. Anamwita mtu asiye fundi. Mtu huyo anafungua sanduku dogo, hakuna nyutro. Sasa anaweza kufanya makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kufunga taa kati ya nyaya mbili za moto. Kati ya waya wa moto na nyutro kuna volti 230. Kati ya nyaya mbili za moto kuna volti 400. Taa ya kawaida itaungua au kupasuka.

Kosa la pili ni baya zaidi. Ni kuifanya ethi iwe nyutro. Taa itawaka vizuri, na watu watafurahi. Lakini siku waya wa ethi ukikatika au kulegea kwenye sanduku kuu, umeme uliopita kwenye taa hautakuwa na njia ya kurudi. Utaingia katika sanduku, mota na mashine. Mama aliyeleta mahindi akigusa chuma, mwili wake utakuwa njia ya umeme. Fyuzi haitakatika. Umeme wa taa moja ni mdogo kwa fyuzi, lakini unatosha kumwua mtu.

Dawa ni maandishi

Usitegemee rangi tu. Katika nyaya za zamani, nyutro ni nyeusi, na nyaya za moto ni nyekundu, njano na bluu. Katika nyaya za siku hizi, nyutro ni bluu, na nyaya za moto ni kahawia, nyeusi na kijivu. Waya mweusi wa nyutro zamani, leo ni waya wa moto!

Kwa hiyo fundi aandike kwenye mlango wa sanduku, kwa rangi isiyofutika:

MASHINE YA KUSAGA
FEZI TATU, VOLTI 400
HAKUNA NYUTRO
USIUNGE TAA WALA SOKETI HAPA
HUZIMWA KWENYE SANDUKU KUU, SWICHI NAMBA 2

Namba iwe ile ya swichi yenyewe. Na kwenye sanduku kuu, swichi hiyo iandikwe "Mashine ya kusaga".

Taa ikihitajika, fundi mwenye leseni avute nyaya nyingine kutoka sanduku kuu: wa moto, wa nyutro na wa ethi, zenye fyuzi yake. Gharama yake si kitu mbele ya msiba.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma. Ukienda kusaga, tazama sanduku. Kama limeandikwa, wasomee wenzako. Kama halikuandikwa, mwambie mwenye mashine amwite fundi. Usilifungue mwenyewe.

Maswali

1. Waya wa nyutro una kazi gani?
2. Kwa nini mota ya fezi tatu haihitaji nyutro?
3. Taa iliyofungwa kwenye ethi inawaka. Kwa nini ni hatari?
4. Je, sanduku la mashine ya kijijini kwenu limeandikwa? Limeandikwa nini?