Bibi Micere Mugo, Mshairi na Mwalimu

Wengi wetu hudhani kuwa mwalimu ni cheo, ofisi na ubao. Maisha ya Bibi Micere Githae Mugo yaonyesha kuwa hivyo vyote vyaweza kuondoka, ualimu ukabaki.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1942 huko Baricho, Kirinyaga, nchini Kenya. Alisoma Makerere, kisha Kanada, akapata shahada ya udaktari mwaka 1973. Alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mkuu wa kitivo chuoni humo. Mwaka 1976 alitoa kitabu cha mashairi, tena akatunga pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o tamthilia juu ya Dedan Kimathi.

Kwa kuwa alitetea haki waziwazi, serikali ilimwandama. Mwaka 1982 alikimbia nchi yake pamoja na binti zake, akanyang'anywa uraia. Hata hivyo hakuacha kazi. Alifundisha Zimbabwe, nchi iliyompa uraia, kisha Marekani, katika Chuo Kikuu cha Syracuse, hadi mwaka 2015. Alifariki tarehe 30 Juni 2023.

Alifundisha kwamba hadithi, nyimbo na vitendawili vya wazee ni elimu kamili. Basi sisi wa Singida, twendapo likizo, tuwaulize bibi zetu vitendawili vya Kinyaturu na Kinyiramba, tuviandike daftarini. Mali hiyo hakuna serikali iwezayo kutunyang'anya. Lakini wazee wakifa bila kuulizwa, itakwenda nao.