Umeme Kutoka Jaani: Somo la Singida



Wakubwa miongoni mwetu hawajasahau giza lililoikumba Unguja tangu Desemba 2009 hata Machi 2010, waya wa umeme upitao chini ya bahari ulipoharibika. Pampu za maji zilisimama, samaki wakaharibika. Wenzetu wa Pemba nao wakati ule walikuwa bado wakitegemea mashine za dizeli za Wesha, mpaka waya wao kutoka Tanga ulipofika mwaka 2010. Tangu siku zile swali moja huturudia kila mara: je, hatuwezi kujipatia umeme papo hapo tulipo, kwa takataka tunazozitupa jaani?

Swali hili ni zuri, nasi twataka kulijibu kwa kuutazama mkoa wa Singida, katikati ya bara. Tumeuchagua mkoa huo kwa sababu watu wake ni wakulima kama sisi, na mazao yao, kama yetu, hutoa mafuta. Sisi twavukiza makonyo na majani ya mkarafuu. Wao wakamua mbegu za alizeti. Tena wanayo mashudu, mazizi na majaa. Ikiwa taka zatoa umeme kwa wepesi, basi Singida pangefaa paonekane.

Kwanza tueleze jinsi jambo lenyewe lilivyo. Kitu laini chenye maji, kama mavi ya ng'ombe, maganda ya ndizi au matumbo ya samaki, kikifunikwa kisipate hewa, huliwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hutoa gesi, na zaidi ya nusu ya gesi hiyo huwa ni methani, ambayo huwaka. Gesi ikisafishwa, hasa ile harufu ya yai bovu ambayo hula vyuma, yaweza kuendesha injini, na injini ikazungusha jenereta. Katika jaa kubwa, visima huchimbwa ndani ya taka, mabomba yakaivuta gesi. Mji wa Durban, Afrika ya Kusini, ulianza kufanya hivyo mwaka 2006 katika jaa la Mariannhill, kwa injini ya megawati 1. Katika Dar es Salaam, jaa la Mtoni liliandikishwa mwaka 2007 chini ya Mapatano ya Kyoto kuwa mradi wa kukusanya gesi na kufanya umeme.

Lakini Durban ni mji mkubwa, na jaa lake hupokea mamia ya tani kwa siku. Mji wa Singida ni mdogo, na nchi yake ni kavu. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, kiasi cha milimita 600 hadi 700 kwa mwaka. Taka ikikauka haiozi upesi, na isipooza haitoi gesi. Kwa hiyo jaa la mji kama ule si mahali pa kuanzia.

Tuyatazame basi mashudu. Hayo nayo tuyaache, kwa kuwa yana mnunuzi. Hulisha ng'ombe na kuku. Kitu chenye mnunuzi si taka, na mtu asidanganyike akachoma fedha yake ili apate mwanga.

Limebaki zizi, na hapa pana hesabu ya kweli. Ng'ombe alalaye zizini huacha usiku kiasi cha kilo 10 za mavi. Ng'ombe 50 wataacha kilo 500. Kilo 25 hutoa takriban mita moja ya ujazo ya gesi, basi jumla ni mita 20. Kila mita yaweza kutoa yuniti moja na nusu hadi mbili za umeme. Mwenye zizi atapata yuniti 30 au 40 kwa siku, na kinu cha kukamulia alizeti chenye mota ya kilowati 10 kitafanya kazi muda wa saa tatu hivi. Si utajiri, lakini si mchezo.

Mtu atauliza: Wanyaturu tangu zamani hutia samadi ya mazizini katika mashamba yao ya mtama na uwele, je, gesi haitawanyang'anya mbolea? La. Gesi huondoka, mbolea hubaki, tena huwa laini na hushika udongo vizuri. Shida ya Singida ni nyingine, nayo ni maji. Kila ndoo ya mavi yataka kiasi cha ndoo moja ya maji. Kilo 500 zataka lita 500 kila siku, hata mwezi wa Septemba ambapo mama mwenye nyumba huenda kisimani mbali kwa ajili ya maji ya kunywa. Atakayejenga mtambo huko bila ya kujenga kwanza tangi la kuvunia maji ya mvua, atakuwa amejenga shimo.

Sasa turudi kwetu. Mungu ametujaalia mvua. Pemba hupata zaidi ya mara mbili ya ile ya Singida. Pungufu letu ni kuwa ng'ombe wetu ni wachache, na hufungwa mmoja mmoja chini ya minazi. Pana na hatari moja ambayo lazima kila mwanachama aijue. Usitie makonyo wala majani ya mkarafuu katika shimo la gesi! Mafuta ya karafuu huua vijidudu. Hutumiwa pia kutuliza maumivu ya jino bovu. Yataua pia vijidudu vinavyotoa gesi. Makonyo yaliyokwisha kuvukizwa nayo ni kama kuni, hayaozi upesi. Mahali pake ni motoni.

Mfano wa kuufuata uko Hale, karibu na Tanga. Katika jani la mkonge ni asilimia 4 tu iliyo nyuzi, na sehemu iliyobaki hutupwa. Mwaka 2008 ulifunguliwa huko mtambo wenye uwezo wa kilowati 300, uliotumia mabaki hayo papo hapo kiwandani. Taka ilikuwa mbichi, nyingi, imekusanyika mahali pamoja, na mtumiaji wa umeme alikuwa jirani.

Hayo manne ndiyo ya kuuliza kabla ya kununua mashine yoyote. Kwetu yaweza kupatikana penye soko la samaki na matunda, penye ng'ombe wa maziwa wafugwao bandani, na katika jaa la Kibele, Unguja, iwapo taka zioazo zitatengwa na plastiki tangu nyumbani.

Basi mwanachama mwenye ng'ombe ahesabu: kilo ngapi, ndoo ngapi, na taa ngapi. Akishahesabu, azungumze na jirani yake, kwani zizi moja halitoshi. Haba na haba hujaza kibaba.