Funza wa Airisi Huuawa Kabla ya Maua

Airisi ni ua la ukoo mmoja na zafarani tunayotia kwenye biriani, na bustani nyingi za mashariki mwa Marekani hazikosi shada lake. Huko ndiko anakoishi pia adui yake mkubwa. Julai ikifika, majani yaliyokuwa wima hukauka kuanzia ncha na kulegea. Ukiyavuta yanang'oka bila ubishi, na udongoni panatoka uvundo. Hapo ndipo watu hukimbilia dukani kutafuta dawa. Wamechelewa.

Mharibifu ni kiwavi wa nondo ambaye wataalamu humwita Macronoctua onusta. Familia yake ndiyo ya funza wa mabua na viwavijeshi vamizi wanaowatesa wakulima wa mahindi Afrika Mashariki, ila huyu karamu yake ni airisi. Nondo mwenyewe, wa rangi ya kahawia, hali majani wala mizizi. Hutoka ardhini kuanzia mwisho wa Agosti hadi Oktoba, huruka usiku, na jike hutaga mayai kwenye majani makavu ya airisi na takataka zilizolala kando ya shina. Mayai hupita msimu wote wa baridi hapo hapo.

Aprili au Mei kiwavi huanguliwa, hupanda jani changa na kulitoboa tundu dogo sana, kisha huingia kati ya ngozi mbili za jani na kushuka huku akila. Katikati ya kiangazi huwa ameshafika kwenye tunguu, lile shina nene linalotambaa ardhini mithili ya tangawizi. Humo hunenepa hadi sentimita 4 au 5, mwili wa rangi ya waridi, kichwa cha kahawia. Mara nyingi si meno yake yanayoliua tunguu. Bakteria huingia kupitia mashimo aliyochimba na kuliozesha likawa uji, na uvundo ule ni wao.

Kwa kuwa kiwavi hujificha ndani ya mmea karibu maisha yake yote, dawa ya kunyunyiza ina nafasi finyu: majani machanga yakiwa na urefu wa sentimita 10 hadi 15, viwavi ndio kwanza wanaanguliwa. Baada ya hapo unanyunyizia ngozi ya jani tu, na maua yakifunguka unahatarisha nyuki bure.

Mimi naiamini reki kuliko bomba la dawa. Baridi kali ikishawaua nondo, kata majani yote ya airisi, kusanya makavu, uyachome. Pasiporuhusiwa moto, yafunge kwenye mfuko yaende na taka. Usiyatupe kwenye lundo la mboji. Mkulima aliyewahi kuteketeza mabua ya mahindi baada ya mavuno hahitaji kuelezwa sababu. Lakini usikate mapema mno, maana nondo waliobaki watataga kwenye vishina ulivyoacha.

Mwezi wa Mei pitia jani moja moja. Ukiona mchirizi wenye majimaji au ukingo uliotafunwa, finya jani kwa vidole kuanzia hapo kuelekea chini, umponde kiwavi humo ndani. Kazi hii inachosha, lakini kwa bustani ndogo inatosha kabisa.

Kila baada ya miaka 3 au 4, maua yakishaisha, fukua shada zima uligawe. Tupa matunguu yaliyooza au kutobolewa, na uchambue udongo, kwani pupa wa rangi ya kahawia, yaani kiwavi anayegeuka nondo, hukaa humo. Unapopanda upya, acha mgongo wa tunguu uonekane juu ya udongo usiotuamisha maji, mahali penye jua saa 6 au zaidi kwa siku. Wanaolifukia kabisa huliona likioza hata pasipo kiwavi.

Ukichoshwa na yote haya, panda airisi ya Siberia. Kiwavi huyu huisumbua mara chache zaidi.