Kukopeshwa Tena Baada ya Nyumba Kunadiwa

Katika ukaguzi wa vyama vya akiba na mikopo, swali moja limekuwa likiletwa mezani na makatibu mara kwa mara. Mwanachama aliyeweka nyumba yake rehani benki, akashindwa kulipa na nyumba ikapigwa mnada, je, aweza kukopeshwa tena na chama? Wako makatibu wanaojibu "hapana" kabla hajaketi. Wako pia wanaomwonea huruma wakampitishia mkopo bila ya kuuliza lolote. Majibu yote mawili hayafai, lakini la pili ndilo baya zaidi, kwani fedha inayotolewa kwa huruma ni akiba ya wanachama wengine.

Yapasa ieleweke kwanza kwamba mnada haufuti deni. Tuchukue mfano. Mtu anadaiwa shilingi 40,000,000, pamoja na riba iliyoendelea kuongezeka tangu aliposimama kulipa. Nyumba inauzwa kwa shilingi 31,000,000, na gharama za dalali na matangazo zinafika shilingi 2,000,000. Zilizoingia katika deni ni shilingi 29,000,000 tu. Mtu huyu hana nyumba na bado anadaiwa shilingi 11,000,000. Wengi hawalijui jambo hili mpaka siku wanapoomba mkopo mahali pengine wakakataliwa.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kuidai benki hesabu ya mauzo kwa maandishi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho ya mwaka 2008, inampa mkopaji haki ambazo wengi hawazitumii. Hana budi kupewa notisi ya siku 60 kabla ya nyumba kuuzwa. Ikiwa ni nyumba ya familia, rehani yenyewe ilihitaji ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Benki ina wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana. Na bei ikiwa chini ya bei ya kawaida ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria huchukulia kwamba wajibu huo haukutimizwa, mpaka benki ithibitishe vinginevyo. Fedha za mauzo zikishalipa kodi na tozo za ardhi, gharama za mnada na deni, ziada ni mali ya aliyekuwa mwenye nyumba. Basi hesabu hiyo yaweza kuonyesha kwamba bado anadaiwa, au kwamba yeye ndiye anayedai.

Salio likiwapo, aende benki akaombe mpango wa kulilipa kidogo kidogo, nao uandikwe na kutiwa sahihi. Ahadi ya mdomo ya ofisa wa mikopo haina nguvu ofisa huyo akihamishwa.

Hatua ya pili ni kuzitazama kumbukumbu zake. Chini ya Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za mwaka 2012, ziko taasisi zenye leseni ya kukusanya taarifa za wakopaji, na mabenki huzitazama taarifa hizo kabla ya kukopesha. Mwanachama aombe taarifa yake mwenyewe, ailinganishe na hesabu ya benki mstari kwa mstari. Deni lililokwisha kulipwa likionekana bado lipo, apeleke malalamiko kwa maandishi akiambatisha stakabadhi. Hapa katibu aweza kumsaidia mwanachama kuandika barua. Ni kazi ya nusu saa.

Hapo ndipo chama kinapoingia. Mwanachama aanze na akiba. Mkaguzi huvutiwa zaidi na daftari linaloonyesha shilingi 20,000 kila mwezi kwa miezi kumi na miwili kuliko lile lenye shilingi 500,000 zilizowekwa kwa mkupuo wiki moja kabla ya kuomba mkopo. Fedha za namna hiyo mara nyingi ni za kuazima, na kila katibu mzoefu anazijua. Mkopo wa kwanza usizidi akiba yake mwenyewe, ili asihitaji mdhamini. Akiumaliza kwa wakati, wa pili waweza kupanda kidogo.

Makatibu, daftari lenu ndilo ushahidi wake. Vyama vingi huandika kiasi kilicholipwa bila kuandika tarehe kilipotakiwa. Rejesho la tarehe 5 likiletwa tarehe 28 huonekana sawasawa na lililoletwa siku yake, na mwanachama mwaminifu hapati faida ya uaminifu wake. Andikeni tarehe zote mbili.

Atakapohitaji wadhamini, hao waelezwe salio la benki kabla ya kutia sahihi, naye aridhie waelezwe. Asiporidhia, ombi lisiendelee. Habari hiyo isipelekwe katika mkutano mkuu, wala isizungumzwe dukani. Ni siri ya mwanachama, Kamati ya Mikopo na wadhamini.

Kuna hatari moja ambayo siwezi kuinyamazia. Mtu aliyepoteza nyumba hufuatwa upesi na wakopeshaji wa "kausha damu", na wale wa kwenye simu wasio na leseni. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzizuia programu 69 za namna hiyo. Anayelipa salio la benki kwa mkopo wa kausha damu amebadilisha mdai mwenye sheria kwa mdai asiye na sheria. Kamati imwulize mwombaji waziwazi kama anadaiwa huko, na jibu liandikwe katika fomu.

Salio la benki litakapokwisha, mwanachama asiondoke benki bila barua ya kuthibitisha kwamba hadaiwi tena. Nakala moja iwekwe katika jalada lake chamani, nyingine ipelekwe kwa taasisi ya kumbukumbu za wakopaji. Baada ya miezi michache aombe tena taarifa yake, aone kama marekebisho yamefanyika.