Udongo unapasuka namna gani ndani ya ordinateri?

Ndugu zangu, kule Funu, hapa Bukavu, udongo wa kilima unateremka polepole na kuta za nyumba zinapasuka. Kuhesabu namna udongo unapasuka, mainjenieri wako na njia mbili.

Ya kwanza inachukua udongo kama kitu kimoja, sawa ugali kwenye sahani. Wanaukata vipande vilivyoshikana, wanahesabu namna kila kimoja kinakandamizwa. Ni ya haraka, lakini vipande vyake havijui kuachana, kwa hiyo ufa unaisumbua.

Ya pili, Cundall na Strack waliitangaza mwaka 1979. Yenyewe inaona punje, sawa mchele. Kila punje inasukuma jirani yake. Kifungo kati yao kikikatika, ufa unatokea wenyewe. Sasa, punje za kilima kizima nani atazihesabu? Ordinateri itashindwa.

Basi wanaziunganisha: punje pale ufa unaweza kuanza, kitu kimoja mahali kwingine kote. Ugumu uko kwenye mpaka. Mtikisiko ukifika pale unaweza kurudishwa kama mwangwi, na ordinateri itaonyesha ufa wa uongo. Juu ya ile, wanaacha njia zote mbili zipandane kidogo: moja inapunguza uzito wake polepole, ingine inaongeza.

Lakini hesabu yote inaomba vipimo vya kweli: udongo umeshikana kwa nguvu gani, maji ya mvua yanaingia kiasi gani. Vile vinapimwa shambani na kwenye labo, na sisi wa agronomia tunavijua.