CSV: Koma Moja Yaweza Kupoteza Tani ya Omena

Mashua zinapofika katika fuo za Ziwa Viktoria, samaki hupimwa na uzito kuandikwa daftarini chini ya usimamizi wa vikundi vya fuo, maarufu kama BMU. Takwimu hizo zinapoingizwa kwenye kompyuta, njia rahisi ya kuzihifadhi ni faili ya CSV.

CSV ni maandishi ya kawaida yaliyopangwa. Kila mstari ni rekodi moja, na koma hutenganisha safu. Mstari wa kwanza hutaja majina ya safu. Kwa mfano:

tarehe,ufuo,samaki,kilo
2024-03-05,Dunga,mbuta,84
2024-03-05,Usoma,omena,1250

Faili hii hufunguka katika Excel, LibreOffice na hata programu ndogo za kuandikia.

Mambo ya kuzingatia:

• Usitie koma ndani ya namba. Ukiandika 1,250, kompyuta husoma kilo 1, na 250 huangukia safu isiyo na jina. Ufuo uliopata zaidi ya tani moja utaonekana ulipata kilo moja tu, na ombi lake la jokofu litakosa uzito.
• Andika "mbuta" kwa namna moja kila mara. "Mbuta" na "sangara" zitahesabiwa kama samaki wawili tofauti.
• Jina lenye koma lifungwe kwa alama za kunukuu: "Dunga, Kisumu".

Kabla ya kutuma faili, linganisha mistari: katika mfano huu, kila mmoja una koma tatu. Uliozidi au kupungua urekebishwe kwanza.